Binti anataka shahada ya sanaa na ubunifu: potifolio, vyuo na viza

Kutoka: Mama Z., Ngamiani, Tanga

Assalaam aleykum jamaa zetu mlioko nje. Binti amemaliza kidato cha sita na anataka shahada ya sanaa na ubunifu, ama Uingereza ama Ujerumani. Huku kila tunayemuuliza anazungumzia alama za mtihani tu. Mwenye kujua atuelekeze: vyuo vinaangalia nini hasa, tuanze na lipi, na gharama zipi huwa hazisemwi mapema?

Kutoka: Mjomba wa Leeds

Waaleykum salaam dada. Alama ni za kuvuka kizingiti cha chuo tu, na kila chuo kina chake. Kinachoamua apate nafasi au akose ni potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zake. Kwa hiyo anzeni hapo, na anzeni sasa, kwa sababu potifolio nzuri haitengenezwi kwa wiki mbili.

Maombi ya Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo. Anachagua hadi kozi tano, na tarehe ya mwisho kwa kozi nyingi huwa mwezi wa Januari. Maelezo binafsi yamebadilika kwa wanaoanza chuo mwaka 2026 na kuendelea: sasa ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue herufi 350. Baada ya hapo chuo chenyewe ndicho humwandikia kuomba potifolio. Vingi hutaka kati ya kurasa 10 na 20. Asome maagizo ya kila chuo peke yake, maana kimoja kitataka picha moja moja, kingine faili moja ya PDF.

Sasa yaliyomo, na hapa ndipo wengi wa kwetu wanapoangukia. Kijana anatuma picha kumi zilizokamilika vizuri: sura ya msanii aliyenakiliwa kutoka kwenye simu, Tingatinga mbili, katuni za Kijapani. Mwalimu anayezipitia anaona mkono wenye subira, lakini haoni kichwa kinafikiri vipi. Anataka kuona kitu kilichotazamwa kwa macho, kikachorwa mara kadhaa, kikajaribiwa kwa njia tofauti, kikakwama, kikageuka kuwa kingine.

Basi achague kitu kimoja cha jirani na akikamue. Tuseme khanga. Siku ya kwanza aichore ikiwa imeanikwa kambani, mikunjo na kivuli chake, kwa penseli ya 2B na 6B. Kisha aitandaze aichunguze: pindo (ukanda wa kando), mji (sehemu ya katikati), jina (maneno yake), pindo lina upana gani, ua la mji linajirudia baada ya sentimita ngapi, rangi zilizochapwa ni ngapi. Abuni mji wake mwenyewe, achonge muhuri wa kiazi au wa kipande cha linoleamu, achape kwenye karatasi halafu kwenye kitambaa chakavu. Chapa ya kwanza itatoka na mabaka, ama wino ulikuwa mwingi ama shinikizo halikuwa sawa. Asiitupe. Aiweke kwenye daftari la michoro na aandike pembeni nini kilitokea na alibadilisha nini. Mlango wa nakshi, kikapu cha ukili, ngalawa zilizovutwa pwani pale Deep Sea, vyote vinafaa kwa namna hiyohiyo. Katika kurasa 15, kazi zilizokamilika zikiwa tano zinatosha. Zilizobaki ziwe za daftari na majaribio.

Kuna pia mwaka wa msingi wa sanaa, unaosomwa kabla ya shahada. Vyuo vingi vya sanaa vya Uingereza huupendelea, kwa sababu mwanafunzi anapitia uchoraji, nguo, michoro ya kompyuta na vitu vya mikono kabla ya kuchagua fani. Ni mwaka mmoja zaidi wa ada na matumizi, kwa hiyo mwandikieni barua pepe ofisi ya udahili mkiambatanisha matokeo yake ya kidato cha sita, muulize kama anaweza kuingia moja kwa moja. Mfanye hivyo kabla ya kulipa ada yoyote.

Kutoka: Ticha, Bagamoyo

Mama Z., shikamoo. Naongeza la kupiga picha kazi, maana kazi nzuri ikipigwa vibaya inahesabika mbaya.

Simu inatosha. Apige nje, upande wa baraza usiopigwa na jua moja kwa moja, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Aangalie ukuta ulio mkabala: ukuta wa chokaa ya buluu au kijani unarudisha rangi yake kwenye karatasi, na weupe wote wa mchoro utatoka na rangi hiyo. Hata khanga nyekundu aliyoivaa inafanya hivyo. Atafute ukuta mweupe, avae nguo nyeupe au nyeusi.

Kazi ibandikwe wima ukutani, katikati yake iwe usawa wa lenzi. Asisogee karibu, asimame mita moja na nusu au mbili nyuma, atumie kuza ya mara 2 kama simu ina lenzi hiyo. Ukipiga kwa karibu kwa lenzi pana, kingo za karatasi zinavimba kama pipa. Awashe mistari ya gridi kwenye skrini na alinganishe kingo nne. Flashi izimwe, hasa kwa rangi ya mafuta, kwa sababu inaacha doa jeupe linalong'aa. Rangi ya mafuta ikiendelea kung'aa, ahamie ukuta mwingine, asigeuze simu.

Na jambo linaloharibu kazi za wengi: msitumiane picha kwa WhatsApp kama picha. Inazibana, na mistari myembamba ya penseli inapotea. Itume kama dokumenti, au ipandishwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila faili ipewe namba ya mpangilio, na chini ya kila kazi aandike ametumia nini, vipimo kwa sentimita, na mwaka.

Kwa unyevu wetu wa pwani, karatasi nyepesi inajikunja ikiguswa na rangi ya maji. Atafute ya gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi, aibandike kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi mpaka ikauke kabisa. Michoro ya mkaa itenganishwe kwa karatasi ya tresi, la sivyo kila mmoja utauchafua mwenzake.

Kama kuna nafasi, ajifunze kuchora mwili wa mtu aliye mbele yake. Kwetu Bagamoyo wapo wasanii waliopitia TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, na wengi wao wanafundisha. Saa chache za kuchora mtu aliyekaa zinaonekana mara moja kwenye potifolio.

Kutoka: Kaka wa Kassel

Ujerumani kwa ufupi. Vyuo vikuu vya serikali kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Stuttgart, linawatoza wasio wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Viza inataka pesa zilizofungiwa kwenye akaunti maalumu: yuro 11,904 kwa mwaka, anatoa 992 kwa mwezi.

Ugumu uko kwingine. Kwanza lugha: kozi nyingi zinataka Kijerumani cha B2 au C1, yaani ngazi za juu za kuimudu lugha, na kukifikia kutoka sifuri si kazi ya miezi mitatu. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Pili, muhula unaanza Oktoba lakini potifolio ya sanaa mara nyingi inatakiwa miezi mingi kabla ya tarehe ya kawaida ya maombi. Atakayesubiri ile ya jumla anakuta mlango umefungwa. Wakiikubali potifolio, anaitwa kwenye mtihani wa kipaji: anapewa mada na muda, anachora hapohapo, kisha mahojiano. Baadhi ya vyuo bado vinataka potifolio ya karatasi. Jina liandikwe nyuma ya kila karatasi. Vyuo vingi pia vina siku za ushauri ambapo profesa anaitazama potifolio kabla ya maombi. Aulize kama inafanyika kwa video.

Kutoka: Mama Z.

Allah awazidishie. Swali moja: akiwa huko, anaweza kuuza picha zake apunguze mzigo?

Kutoka: Mjomba wa Leeds

Dada, Uingereza hapana, na hili mlishike. Viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri. Kuuza michoro mtandaoni au kumbunia mtu nembo kwa malipo kunaingia humo. Anaruhusiwa kuajiriwa, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wa shahada, na saa 10 kwa kozi iliyo chini ya shahada, kama miaka mingi ya msingi ilivyo. Ujerumani anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, lakini kujiajiri kunahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni.

Pesa za kuonyesha kwa viza ya Uingereza zikae benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka hata siku moja chini ya kiwango, hesabu inaanza upya. Msizitoe kwa dharura mkidhani mtarudisha jioni.

Kompyuta asinunue huko Tanga kabla ya kujua kozi. Akipata kozi ya ubunifu, RAM ya kompyuta iwe angalau GB 16. Leseni za programu za kubuni za Adobe vyuo vingi hutoa. Kabla ya hapo ajizoeze na programu za Krita, Inkscape na Blender, ambazo ni bure. Achapishapo, afungue faili kwa CMYK (mpangilio wa rangi nne za kuchapia) na aongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Buluu kali ya skrini ikichapwa inaelekea zambarau.

La mwisho, mumwandae kwa kikao cha ukosoaji. Kazi zinabandikwa ukutani, mwalimu na wanafunzi wenzake wanamuuliza maswali kuzihusu. Mtoto wetu aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa atanyamaza, na huko kimya kinasomeka kama hajafikiri. Ajizoeze hapo nyumbani kueleza kazi kwa dakika tatu: nilianza na nini, nilijaribu nini, nikaacha nini na kwa nini. Vilevile, mwaka mmoja wa shahada huhesabiwa takriban saa 1,200 za masomo, na vipindi vya darasani ni sehemu ndogo tu yake. Saa zilizobaki hakuna wa kumsimamia, kwa hiyo aulize mapema studio na karakana zinafunguliwa na kufungwa saa ngapi.