Mark X ya kila siku hapa Mwanza: filta ya wazi, ekzosi, au niache?

Chuma_cha_Buhongwa:

Wakuu, habari za jioni. Nina Mark X GRX120 ya 2006, injini 4GR ya 2.5. Asubuhi nawashusha watoto shule Mkolani, naenda kazini Kirumba, jioni nasota kwenye foleni ya Mkuyuni, na mwisho wa mwezi nakwenda Shinyanga kumsalimia mama na kurudi na buti imejaa michembe. Si gari la mashindano. Ila nikikanyaga mafuta nataka linijibu.

Kwangu ni juu mlimani, vumbi na mawe, Mwanza mnaijua. Nikipanda na watu wanne gari linahema kama mtu aliyeshiba udaga akaambiwa akimbie. Desemba niliendesha la shemeji yangu Dar, modeli ileile, likawa jepesi kabisa. Nimerudi na wivu.

Fundi mmoja kanipangia hivi: atoe boksi la filta aweke filta ya wazi, ile nyekundu yenye umbo la koni. Halafu akate masega yote, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, na kuvuta bomba la inchi mbili na nusu mpaka nyuma. Filta na bomba laki sita na nusu, masega anakata bure. Mke wangu aliposikia "bure" alicheka, akasema nimuulize kwanza masega yenyewe yanakwenda wapi. Ndiyo maana nipo hapa. Nianze na kipi?

B4_Bukoba:

Kata masega mkuu, acha woga. Mimi Legacy yangu ya turbo nilibadilisha bomba lote, sasa nikirudi mjini wananisikia nikiwa bado Kemondo.

Mzee_Spana:

Kijana wa Buhongwa, mkeo ana akili, msikilize. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Yana wanunuzi wake. Fundi hakukatii bure, anakununua wewe.

Sasa wivu wako wa Dar. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na wewe uko mlimani juu yake. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuishindilia hewa, inavuta hewa ya mahali ilipo, basi. Mark X yako ilitoka Japani na farasi 215. Hapa, hata ikiwa mpya, hesabu 190 hivi. Huyo wa Bukoba yuko ufukwe wa ziwa hilihili lakini hasikii kitu kwa sababu turbo inamfidia, na kwenye turbo bomba linalofuata baada yake lina faida ya kweli. Ushauri wake ni mzuri kwa gari lake. Wewe hakuna filta itakayokuteremsha mpaka Dar.

Filta ya wazi niliwahi kuifunga mwenyewe kwenye Altezza, nikiwa na umri wako na kichwa cha umri wako. Sauti tamu sana. Lakini boksi la Mark X linavuta hewa ya baridi kutoka mbele, juu ya rejeta. Koni inakaa ndani ya boneti na kuvuta joto la injini. Kwenye foleni ya Mkuyuni saa kumi na moja hapo ndipo utakapolia. Halafu ni filta ya kupakwa oili. Nilizidisha oili, ikaenda kukaa kwenye sensa ya hewa, gari likaanza kuzimikazimika. Na jioni moja nikiwa Igombe vile vijidudu vya ziwani vilipanda kama moshi. Kesho yake nilifungua boneti nikakuta koni imeota manyoya. Nilivikwangua kwa mswaki.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Nunua mpira wa dripu duka la dawa. Ukunje kama herufi U juu ya ubao, kila mguu upite nusu mita, jaza maji mpaka katikati, tia rangi kidogo uyaone. Mguu mmoja uache wazi. Mwingine uunge kwa kiungo cha T kwenye mpira mdogo wa pumzi unaoingia bomba la hewa baada ya filta. Mtu akae pembeni na rula, wewe tafuta barabara tupu, kanyaga mpaka mwisho, asome tofauti ya maji upande huu na huu. Kila sentimita 10 ni kama asilimia moja ya hewa unayopoteza. Ukisoma 20, maana yake hata ukitupa boksi lote na filta yake unapata asilimia mbili. Farasi wanne. Kwa hao wanne utanunua vumbi la mlima wako liingie kwenye silinda?

Kinachokula hilo gari huwa ni kingine. 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haigusi kamwe vali za kuingiza hewa. Mvuke wa oili unaganda pale na hakuna cha kuusafisha. Gari la 2006 ambalo halijawahi kufunguliwa, mimi ningeanzia hapo.

Safari_Usiku:

Naongezea kwenye ekzosi, mzee kaiacha. Usikate masega: taa ya injini itawaka, na kompyuta ya gari itatoa kodi za hitilafu ya masega, P0420 na P0430, maana V6 ina pande mbili, na harufu itarudi kwa watoto kiti cha nyuma. Ukitaka sauti badilisha mafla mbili za nyuma tu, zile za kupunguza kelele. Angalia midomo ya bomba, kwenye GRX120 imekaa ndani ya bampa. Ikichomelewa vibaya bampa inayeyuka. Yangu iliyeyuka.

Na uvumo. Silinda sita zinalipuka mara tatu kila mzunguko. Mwendo wa 100 mshale wa mizunguko ya injini uko karibu na 2,000 kwa dakika, kwa hiyo ni mipigo 100 kwa sekunde. Bomba tupu linaudaka mlio huo na kuumimina ndani ya kabini. Mjini unafurahi. Ukifika Misungwi kichwa kinauma, na Shinyanga bado.

Chuma_cha_Buhongwa:

Shikamoo Mzee Spana, na asanteni wote.

Nimepima. Mke wangu ndiye aliyeshika rula, Jumapili alfajiri, njia ya Usagara. Mara ya kwanza 34. Nikafungua boksi: filta imekuwa nyekundu ya udongo, na kwenye mikunjo kuna bawa zima la nzige. Nikaweka mpya ya kawaida, tukarudia, 19. Tulirudia mara mbili kwa sababu yeye hakuamini jicho lake.

Halafu vali. Nilimpata fundi mwingine aliyekubali kuvua manifoldi, mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda, nikiwa nimesimama palepale. Vali mbili za mwisho zilikuwa na kitu kama masizi ya chungu cha maharage, ukikwaruza kwa bisibisi kinatoka vipande. Siku mbili, brashi na dawa, vyote vikanila laki tatu na nusu pamoja na gasketi. Sasa gari likiwa baridi halitetemeki tena, na mlima ule nikiwa na watu wanne linashika gia ya pili halirudi ya kwanza. Si gari la Dar. Lakini halihemi.

Mafla za nyuma nimezinunua za mtumba, nasubiri mwisho wa mwezi upite kwanza nisiende kwa mama na uvumo. Safari_Usiku, nitakuuliza bampa lako ulilitengenezea wapi, kwa tahadhari tu.

Yule fundi wa masega ya bure kanipigia leo mara mbili. Sijapokea.