Kikundi cha ukoo: mirathi ya Mzee

Shangazi Tanga: Assalaam alaykum. Nimesoma mnataka kuuza pikipiki ya Mzee mlipe duka la jumla. Msiuze kitu. Mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, na atakayenunua hataweza kubadilisha kadi ya pikipiki TRA (mamlaka ya mapato).

Juma: Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi. Wadai wanapiga simu kila siku, tuwaambie nini?

Shangazi Tanga: Marahaba. Walete maandishi: hati ya mkopo, risiti au ukurasa wa daftari wenye saini yake. Andikeni jina, kiasi na tarehe. Msimkubalie mtu deni kwa simu.

Baba Mdogo: Wala msilipe kutoka mifukoni. Deni la marehemu linalipwa na mali yake; isipotosha, mrithi hadaiwi, labda awe alisaini udhamini. Kwa mkopo wa benki, ulizeni bima ya mkopo mapema, wiki hii. Ikiwepo, huenda salio lote likalipwa na bima.

Mwanaidi: Mirathi tufungue hapa Dar? Sote tuko huku.

Baba Mdogo: Hapana mwanangu. Inafunguliwa alikokuwa akiishi marehemu, kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo ya Muheza. Ukifungua kwingine, uteuzi unaweza kubatilishwa hata baada ya nyumba kugawanywa, mkaanza upya. Nendeni na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kibali cha mazishi hakitoshi), muhtasari wa kikao cha ukoo na Fomu Namba 1 ya maombi. Mahakama itatoa tangazo, na mwenye pingamizi atasikilizwa kabla ya uteuzi.

Shangazi Tanga: Muhtasari utaje watoto wote, wa mama huyu na wa mama mkubwa aliyetangulia. Jina moja likiachwa, kesi itarudi tu. Na aliye mbali apigiwe simu, asisainiwe.

Juma: Tukishapata msimamizi, gharama za mazishi zinatoka wapi?

Shangazi Tanga: Kwenye mali, kabla ya yote. Kisha madeni, ndipo warithi. Na muulizeni mama kwa adabu kama mahari yake yalimalizwa. Yaliyobaki ni deni, analipwa kama mdai mwingine, halafu anapata thumni yake, yaani moja ya nane. Familia nyingi hulisahau hili na mjane anadhulumiwa.

Mwanaidi: Thumni ni ya kitu gani hasa?

Baba Mdogo: Ya kinachobaki baada ya madeni. Chukulia imebaki milioni 48. Kwa kuwa Mzee ana watoto, mama anapata thumni, milioni 6. Wazazi wa Mzee hawapo, basi 42 zinazobaki ni zenu. Nyinyi ni wana wawili na mabinti watatu, mafungu 7 (mwana mawili, binti moja): kila binti milioni 6, kila mwana 12. Cherehani na kiwanja cha mama vyenye jina lake msiviandike kwenye mali ya Mzee kabisa.

Juma: Hati ya nyumba je?

Baba Mdogo: Kwanza iandikwe jina la msimamizi *kama msimamizi wa mirathi*, ndipo ihamishiwe warithi. Msimamizi hajawa mwenye nyumba, hata akiwa mkubwa wenu.

Shangazi Tanga: Na ana miezi 4 tangu kuteuliwa: Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 6 ya hesabu. Risiti zote azitie bahasha moja. Juma, kikao kiwe Jumamosi baada ya adhuhuri, daftari la madeni uje nalo wewe.