Amempokonya mwanangu fimbo MKONONI! Hawa watu wa shoo ya barafu wanatuonaje?

Mama wa Wawili (mleta uzi):
Wakuu, nimetoka huko sasa hivi. Naandika nikiwa kwenye gari, bado niko maegeshoni, mikono inatetemeka na wala si baridi.

Hao jamaa wanaocheza kwa kuteleza juu ya barafu mnawajua, sina haja ya kuwataja. Kila mwaka wanakuja hapa Texas, watoto hawalali wiki nzima.

Tiketi kwenye simu dola 28. Ukifika kulipa, ada ya hiki, ada ya kile, imekuwa 41. Zidisha mara tatu. Mdogo ana miaka mitatu, muda wote kakaa mapajani kwangu, lakini kalipiwa kiti kizima kama waziri. Kuegesha gari 30. Getini chupa ya maji ya mtoto ikatupwa kwenye pipa huku anaiangalia. Yote hayo nikayameza.

Sasa njooni kwenye fimbo. Taa hazijazimwa, anapita mchuuzi na lundo la fimbo za kuwaka taa. Sijamwita, wala hajaniuliza. Anainama, anaiwasha moja, anamwekea mwanangu MKONONI. Mtoto uso wote ukang'aa. Ndipo jamaa ananigeukia: dola 38. Kijiti cha plastiki na betri! Nikamwambia hapana, asante. Akampokonya. Sisemi aliichukua, nasema ALIMPOKONYA, kidole kimoja kimoja, kama polisi anayemnyang'anya kibaka simu ya wizi. Kisha akaniambia, safu nzima inasikia, kama sina hela ningewaacha watoto nyumbani.

Ningewaacha nyumbani!

Mtoto alilia nadhani hata Dodoma mlimsikia. Wachezaji wanaingia, analia. Wanarushana juu, analia. Alinyamaza mapumziko tu, lilipotoka lile gari kubwa la kulainisha barafu, akawa analipungia mkono. Likaondoka, akakumbuka fimbo. Kipindi cha pili chote nimekimalizia koridoni, na dada yake wa miaka saba, aliyeisubiri siku hii tangu Krismasi, ikabidi atoke naye kwa sababu siwezi kumwacha peke yake.

Wazazi mlioko huku, nani mwingine kafanyiwa hivi? Mtoto wa miaka mitatu, anapokonywa!

Njugu Mawe:
Pole dada. Ila si ungetoa tu hiyo 38 yaishe? Tiketi umeweza, fimbo ikushinde?

Mama wa Wawili:
Njugu, wewe una mtoto kweli? Nikimnunulia mmoja, dada yake aangalie tu? Hiyo tayari 76. Na hata ningekuwa na mamilioni, mtu humpokonyi mtoto kitu kilichoko mkononi, tena ulimpa mwenyewe!

Sharubu za Paka:
Yaani zaidi ya laki tatu za Kitanzania kwenda kuangalia barafu? Ungefungua friji, ukawawekea viti.

Kipepeo Moro:
Usimsikilize huyo, mama. Ile ni mbinu yao, wanamlenga mtoto, si mzazi. Mimi nanunua vijiti vya taa mapema kwenye maduka ya bei rahisi, naficha mfukoni, taa zikizimwa tu natoa. Na siku nyingine wavalishe masweta hata kama nje jua linaunguza. Barafu ile inagandishwa na mabomba yaliyolazwa chini yake, ukikaa safu za mbele miguu inakufa ganzi.

Mwana wa Eastlands:
Sisi Nairobi kiwanja cha kuteleza kwenye barafu tulikuwa nacho pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, tangu 2005. Nilianguka siku nzima na hakuna aliyenipokonya chochote.

Fundi Gereji:
Gari lililomnyamazisha mtoto linaitwa Zamboni. Frank Zamboni alilitengeneza 1949, Paramount, California. Linakwangua barafu ya juu kwa kisu, nyuma linamwaga maji ya moto yanayoganda na kuacha uso laini. Huyo mtoto ana kichwa, akikua mpelekeni VETA.

Mama wa Wawili:
Jamani, mada ni FIMBO! Mtu kampokonya mtoto!

Sharubu za Paka:
Fundi, kwa nini maji ya moto wakati wanataka yagande?

Fundi Gereji:
Yanayeyusha kidogo barafu ya juu, yanajaza mikwaruzo, halafu yanashikana nayo. Ya baridi yangekaa juu juu kama ukoko.

Bibi wa Mbagala:
Nyie mnalia na barafu? Mimi Idi pili nimempeleka mjukuu ufukweni, mwenye bembea kachukua elfu tano yangu, kazungusha mara mbili, jenereta likazima. Namdai hela, ananiambia "bibi, subiri mafuta". Nimesubiri hadi adhana ya magharibi!

Njugu Mawe:
Bibi, shikamoo. Huyo wa bembea namjua! Mwaka jana kanifanyia hivyo hivyo, na wanangu walikuwa juu kabisa. Mfungulie uzi wake, tunakuja wote.