Kuhamia Golf kutoka Kamalondo: naomba ushauri kabla ya kutoa garanti

Mama Mapacha: Salamu kwenu, ndugu zangu wa Lubumbashi. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, ametuonyesha nyumba ya vyumba vitatu mtaani Golf, yenye mjakaranda uliomwaga maua yake ya zambarau hadi juu ya bati la kibanda cha mlinzi. Nimeipenda, sifichi. Hata hivyo, mwenye nyumba anadai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye hapa Kamalondo, alipofika kuiona alizunguka uani kimya, kisha akauliza: "Chumvi ikiniishia, nitagonga kwa nani?" Je, tuhame?

Fundi wa Bomba: Dada, nimechimbua mabomba mengi chini ya miti ya namna hiyo, kwa maana mizizi huingia katika viungo vya bomba, na maua yanayoanguka kabla ya mvua huziba mifereji ya paa. Usiende asubuhi, saa anayoipenda komisioneri. Nenda saa moja ya jioni, ufungue bomba la jikoni na la bafu kwa pamoja. Wakikuambia kuna kisima cha pampu, uliza maji yatapandaje siku umeme ukikatika, kwa kuwa huko pia hukatika.

Yaya Mstaafu: Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba za kuishi inaweka garanti isiyozidi miezi mitatu. Wenye nyumba wanaijua. Wanategemea haraka ya mpangaji. Dai mkataba wa maandishi, tena hali ya kila chumba iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla hamjaingiza hata kiti.

Baba Kasongo: Mimi nilimhamishia mama yangu mtaa kama huo. Majirani niliwajua kwa rangi za mageti yao tu, na mama, aliyezoea kuchambua sombe (majani ya muhogo) akizungumza na wenzake, alirudi Katuba kabla ya miezi miwili. Kama hamna gari, hesabuni pia mwendo wa kutoka getini hadi barabara ya taksi-basi.

Mama Mapacha: Asanteni. Jana jioni tulikwenda: bomba la jikoni lilitoa maji, la bafu lilikohoa tu. Mwenye nyumba ameshuka hadi miezi minne, nami nimemjibu mitatu. Mama mkwe safari hii alikataa kushuka garini.