Mti wa turtle unajisokota nikitumia randint, naomba msaada

mwanakodi_tz: Wakuu, nachora mti kwa turtle, moduli ya lugha ya Python inayosogeza kalamu kwenye skrini (u kwenye kodi ni urefu wa tawi). Pembe zikiwa 25 pande zote unatoka vizuri, ila umenyooka kama kinara cha mishumaa. Nikiweka randint (namba nzima ya nasibu) matawi yanajisokota na mti wote unalala upande. Halafu unachorwa taratibu mno.

def tawi(u):
    if u < 5: return
    forward(u)
    left(randint(20, 30))
    tawi(u*0.7)
    right(randint(40, 60))
    tawi(u*0.7)
    left(randint(20, 30))
    backward(u)

Pembe25: Mkuu, kila randint inatoa namba mpya. Tuseme umegeuka kushoto 22, kulia 58, kisha kushoto 27: zimebaki digrii 9 kulia. Sasa backward inakurudisha kwa njia nyingine, hufiki shinani, na kila tawi linalofuata linarithi kosa hilo. Tawi likimaliza lazima kalamu iwe palepale, ikitazama kulekule. Hifadhi pembe kwanza (uniform ni namba ya nasibu yenye desimali):

a = uniform(15, 30)
b = uniform(20, 35)

Kisha left(a), right(a+b), na mwisho left(b). Jumla ni sifuri.

Kuhusu kasi, ukianza na u=100 ni vipande 511 tu, kompyuta haishindwi. Kinachochelewesha ni kuonyesha kila hatua. Weka tracer(0) mwanzoni na update() mwishoni, mchoro utokee wote kwa mkupuo.

mchora_majani: Naongezea. Pembe pekee hazitoshi kuondoa ukinara, tofautisha na urefu: kushoto u*0.75, kulia u*0.6. Unene weka pensize(max(1, u/12)) kabla ya forward. Ukipaka vitawi kijani, weka penup() kabla ya backward na pendown() baada yake, la sivyo utaona mstari mwembamba wa kijani katikati ya shina. Na hiyo u < 5 usiibadilishe kuwa u == 0. Kuzidisha kwa 0.7 hakukufikishi sifuri, utaishia kwenye RecursionError (tawi limejiita mara nyingi kupita kikomo).

Pembe25: Ukitaka magugu badala ya mti, jaribu kanuni za Lindenmayer (1968), ambazo kila mzunguko hubadilisha herufi kuwa mfuatano mpya. Anza na X, pembe 25:

X → F+[[X]-X]-F[-FX]+X
F → FF

F ni kwenda mbele, + na - ni kugeuka kushoto na kulia, X haichori kitu. Alama [ inahifadhi pos() (mahali) na heading() (mwelekeo) kwenye orodha, ] inazichukua kwa pop(). Usitumie replace() ya X halafu ya F, maana F mpya nazo zitaongezwa maradufu. Pitia herufi moja moja, ujenge mfuatano mpya. Mizunguko 6 inatoa F 6,048, hatua ya pikseli 3 inatosha.

mwanakodi_tz: a na b zimenyoosha mti. Nahamia kwenye magugu, asanteni wakuu.