Lenzi ndogo ya zumu kwa Safari Rally: jua kali, vumbi, na mkoba mmoja tu

Mwalimu_Gilgil

Hamjambo wapenzi wa picha na wa magari. Mimi hufundisha shule ya msingi hapa Gilgil na Safari Rally ndiyo sikukuu yangu. Tangu irudi kwenye WRC, mashindano ya dunia ya rali, mwaka 2021 sijaikosa hata mara moja. Nina kamera ya Canon 80D ya mtumba iliyokuja na lenzi fupi ya milimita 18-55.

Machi 2025 nilikuwa Sleeping Warrior, moja ya sehemu magari yanapopita, tangu giza. Elfyn Evans, yeye aliyekuja kushinda, akapita, nami nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Kufika nyumbani nafungua picha: kilima kizuri, mawingu mazuri, na gari kama punje ya dengu.

Shemeji akaniazima lenzi yake ndefu ya zamani, 75-300. Nikaenda kuijaribu kando ya barabara kuu ya Nakuru. Matatu inakuja, lenzi inasonga mbele, inarudi nyuma, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ikishika fokasi matatu imeshafika Kikopey. Na zile matatu nyeupe, jua likizipiga, kingo zake zinatoka na rangi ya zambarau.

Duka moja mjini nimeambiwa bila lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga, nisahau michezo. Nikapewa 70-200 ya f/2.8 niishike: karibu kilo moja na nusu! Bei sikuuliza mara ya pili. Jamani, mimi natembea. Boda inakufikisha pale polisi walipofunga njia, baada ya hapo ni miguu yako. Nina mkoba mmoja: maji, leso, chapati mbili, kamera.

Bajeti ni Sh 40,000, mtumba sawa. Nimeona 55-250 IS STM (IS hutuliza mtikisiko wa mkono, STM ni mota ya fokasi), 70-300 IS II, na ile nyeupe ya 70-200 f/4. Nichukue ipi? Na ni kweli kwamba bila f/2.8 najisumbua?

---

Kivumbi

Mwalimu, huyo wa dukani alikuwa anauza, hakuwa anakushauri. f/2.8 ni ya wanaopiga mpira usiku na ndondi ukumbini. Wewe unapiga Bonde la Ufa mchana.

Fanya hesabu na wanafunzi wako. Kanuni ya enzi za filamu: jua likiwaka vizuri, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu f/16, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ni sekunde 1/100 hivi. Fungua tundu hadi f/5.6 (namba ikishuka tundu linapanuka), mwanga umeongezeka mara nane, shata imekuwa 1/800. Panda ISO 200, una 1/1600. Gari linalokujia huku limebeba vumbi lake mgongoni, 1/1000 inatosha kabisa, kila kokoto utaiona imesimama hewani. Hiyo f/2.8 ungeilipia halafu uifunge.

Mimi natumia 55-250 STM. Gramu 375. Sensa ya 80D yako ni ndogo, kwa hiyo 250 inaona kama 400 kwenye kamera ya sensa kubwa, na kwa sehemu nyingi za kusimama Soysambu na Elmenteita hiyo inajaza fremu. Fokasi yake haina ubishi kama ile ya shemeji. 70-300 IS II ni nzuri zaidi na ina kasi zaidi, lakini ni gramu 710, karibu mara mbili, na kwa bajeti yako utabaki huna hata ya boda.

Shida yako ya kweli itakuwa mwanga kuzidi. Siku utakapotaka kulifuata gari kwa kamera likikupita ubavuni, magurudumu yazunguke na nyasi za nyuma ziwe mistari, unahitaji 1/125. Kwa jua lile, ISO 100, utalazimika kufunga hadi f/16 au karibu na hapo. Picha inaanza kulegea, na kila chembe iliyo kwenye sensa inajitokeza angani kama nzi. Nunua filta nyeusi ya ND8, milimita 58. Inakata mwanga mara nane, unarudi f/5.6 na 1/125 yako. Ukipiga gari la ubavuni kwa 1/2000 magurudumu yanaganda, unaulizwa kama lilikuwa limeegeshwa.

Jambo jingine. Mwezi Machi jua la saa sita linakaa utosini, Naivasha haifiki hata digrii moja kusini ya ikweta. Paa linang'aa, madirisha yote ni shimo jeusi, dereva humuoni. Halafu ardhi ikishachemka mazigazi yanacheza kati yako na gari, hapo hata lenzi ya milioni itakupa picha ya uji. Piga kwa bidii mpaka kama saa tatu asubuhi, tena kuanzia saa kumi. Katikati kula chapati zako.

---

Fundi_wa_Kioo

Mimi natengeneza lenzi, kwa hiyo wiki baada ya Safari ndiyo ya mavuno kwangu. Fesh-fesh si vumbi la kawaida. Ni laini kama unga wa muhogo. Lenzi inayorefuka ukizungusha zumu inavuta hewa kama pampu ya baiskeli, na hewa ya kule mnaijua. Aliwahi kuletwa mgonjwa mmoja hapa, ukizungusha pete unasikia kabisa mahindi yanasagwa.

Dada, ukichukua 55-250, itakuwa ya kurefuka. Kata mfuko wa plastiki, uvalishe lenzi na kamera, funga kwa mpira upande wa mbele, nyuma kidogo ya hudi (kile kikofia cha kukinga jua). Chagua zumu yako kabla gari halijafika na uiache hapo. Usibadilishe lenzi porini, hata kama umeahidiwa nini. Na leso isiguse kioo. Puliza kwanza kwa kile kipira cha kupulizia, vumbi likitoka ndipo ufute.

Ukienda kununua beba tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma, utazame mbele. Chembe mbili tatu zisikutishe. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha na uage kwa heshima.

---

Mkongwe_wa_Arusha

Mwalimu, pole na majukumu. Wakuu hapo juu wamesema vizuri ila mimi napinga kidogo. Hiyo nyeupe, 70-200 f/4 L ya zamani isiyo na IS, hairefuki. Unazungusha zumu, kila kitu kinatembea ndani kwa ndani. Yangu imekula vumbi la Manyara na Longido miaka sita na kioo bado kinaniangalia. Gramu 705. Kutokuwa na IS kwa jua hilo si kitu, maana shata yenyewe iko juu. Ukali wa picha zake, hizo lenzi nyingine haziufikii.

---

Kivumbi

Mkuu, sikukatalii ukali. Lakini 200 kwa Sleeping Warrior ni fupi, unabaki unakata picha kwenye kompyuta. Na ile rangi nyeupe, ukishuka stendi jioni kila mtu anajua umebeba nini.

---

Mkongwe_wa_Arusha

Hilo la stendi nimekubali. Yangu nimeivisha soksi nyeusi.

---

Mwalimu_Gilgil

Asanteni nyote. Nimepata 55-250 STM kwa Sh 19,000. Nilitoa tochi pale pale, muuzaji akanitazama kama nimekuja kukagua nyumba. Ndani kuna chembe moja tu, na niliyemkuta nayo ameniapia ni ya kiwandani. Sawa.

Jioni nimesimama kwenye kituo cha boda, ND8 mbele, 1/125, nikawafuata mmoja mmoja wakipita. Picha sitini, hamsini na nane ni ukungu. Ya hamsini na tisa kofia ya dereva iko safi hadi mkwaruzo wa ubavuni unausoma, tairi inazunguka, na duka la nyuma limekuwa mistari ya kijani. Abiria alikuwa na jogoo kapakata. Jogoo ana vichwa viwili.

Fundi, plastiki ya mkate inafaa au nitafute nene zaidi?