Naomba ushauri: protini yangu ya muhogo na ya kirusi zinang'aa pamoja, ila sina hakika kama kweli zinakutana

BintiMuheza
Habari za jioni wana jukwaa. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili na nimekwama, hata usingizi sipati vizuri.

Nafanyia kazi michirizi ya kahawia ya mihogo. Wakulima mnaujua: shamba linapendeza, unang'oa muhogo, unaukata, ndani kumejaa mabaka makavu ya kahawia. Bibi yangu alipoteza shamba zima hivyo nikiwa darasa la sita. Baadaye nikasoma kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha utafiti cha pale pale Amani, milimani kwetu Usambara. Ndiyo maana sitaki kuandika kitu ambacho mwenyewe sikiamini.

Kirusi chake kina protini iitwayo VPg. Nashuku inashikana na protini moja ya muhogo. Niiite X kwa kuwa hatujachapisha. Nikatumia YFP, protini inayong'aa njano, iliyogawanywa vipande viwili: kimoja mbele ya VPg, kingine mbele ya X. Zikikutana, vipande vinaungana na mwanga unatokea. Nikaziingiza kwa Agrobakteria (bakteria wanaopeleka jeni ndani ya mmea) kwenye majani ya Nicotiana benthamiana, ule mtumbaku wa maabara, kwa sirinji isiyo na sindano. Siku ya tatu mwanga mkali, kwenye kiini na pembezoni mwa seli. Msimamizi wangu kafurahi, anasema niandike.

Lakini VPg ikiwekwa na kipande kitupu cha YFP, kisicho na X, napo panang'aa. Ni hafifu, ila panang'aa. Nina miezi minne, na hadubini ya konfokali (ya leza, ya kuona mwanga ndani ya seli) tunalipia kwa saa kwenye chuo kingine. Nifanyeje?

Kisamvu
Mdogo wangu, andika. Kontroli, yaani jaribio la kulinganishia, ni hafifu, sampuli kali, tofauti ipo. Makala ngapi zimetoka na picha hizo hizo tu? Miezi minne si mingi.

MzeeWaHadubini
Kisamvu, hapo siko nawe. Vipande vya YFP vikishaungana haviachani tena. Protini mbili zinazopishana tu njiani, kama zimetengenezwa kwa wingi, zinanaswa na kuonekana kama wachumba. Na promota ya 35S (swichi ya kuwasha jeni) ambayo wengi wetu tunaitumia inazalisha protini kwa wingi ambao muhogo wenyewe hauufikii.

Binti, swali lako la kwanza lisiwe "zinakutana?" Liwe "X inaishi wapi?" Umeandika kiini na pembezoni. Picha hiyo inanitia wasiwasi, maana ndivyo GFP tupu, ndugu ya YFP inayong'aa kijani, inavyoonekana. Ina uzito wa kilodaltoni 27 hivi, ni ndogo, inapenya vitundu vya kiini bila kuombewa ruhusa. Hata ukiiunga X na GFP uone inakoishi, muunganiko huo ukikatika ndani ya seli, utaipiga picha GFP iliyobaki peke yake huku ukidhani ni X. Na hizo pembezoni, usiziite utando wa seli. Vakuoli imejaa katikati ya seli ya jani na kuisukuma saitoplazimu ikawa ukanda mwembamba ukutani. Kitu cha saitoplazimu na kitu cha utando vinafanana mno.

Kwa hiyo unga X na GFP, kisha fanya westani bloti (kipimo kinachoonyesha ukubwa na wingi wa protini) kwa kingamwili inayoinasa GFP. Ukiona bendi kwenye 27 tu, picha zako hazina maana. Ni jaribio la siku mbili na halihitaji konfokali.

La pili, umesema kipande kiko mbele ya X. Kwa nini mbele? Protini nyingi zinazokwenda kwenye kloroplasti au mitokondria hubeba anwani yake mwanzoni kabisa. Ukiweka kitu mbele ya anwani, mzigo haufiki. Tengeneza na ya nyuma.

BintiMuheza
Ahsante sana mzee wangu. Niliweka mbele kwa sababu plasmidi hiyo (DNA ya kubebea jeni) ndiyo iliyokuwepo kwenye friji. Kipande kitupu je, si kontroli sahihi?

NyotaKigoma
Dada, kipande kitupu ni kidogo, kinazurura popote, na wingi wake haulingani na wa X. Tafuta X iliyobadilishwa asidi amino chache pale unapodhani zinashikana, yenye ukubwa ule ule na inayokaa sehemu ile ile ya seli. Hiyo ikinyamaza na X halisi ikang'aa, nitaanza kukusikiliza. Pima na wingi wake kwa westani pia, isije ikawa imenyamaza kwa sababu haikutengenezwa kabisa.

Kwa kontroli chanya, yaani jozi inayojulikana kushikana, umebahatika. Kuna kazi iliyochapishwa 2019: VPg ya kirusi hiki inashikana na protini za muhogo ziitwazo nCBP, na walipohariri jeni za nCBP-1 na nCBP-2 kwa CRISPR, mkasi wa jeni, dalili zilipungua. Omba moja uiendeshe sambamba na X.

Halafu usitegemee njia moja. Luciferase, kimeng'enya kinachotoa mwanga, ikigawanywa inaungana na kuachana, haina ule ubishi wa YFP. Au uvute VPg kwa kingamwili uone kama X inafuata. TurboID ya 2018, kimeng'enya kinachozibandika protini zote za jirani alama ya biotini, ni nzuri mno na inafanya kazi kwenye joto la kawaida la mimea, ila spektrometa ya masi, mashine ya kuzitambua protini hizo, itamaliza bajeti yako. Iache kwa PhD.

Kisamvu
Nimesoma, nakubali. Hilo la plasmidi ya kwenye friji limetukuta wengi.

BintiMuheza
Wiki saba baadaye narudi. Westani: bendi kuu ina ukubwa kamili, ya 27 ni hafifu, kwa hiyo muunganiko haukatiki sana. Nikashukuru Mungu.

Kisha nikaweka GFP nyuma ya X. Kiini kimekuwa cheusi. Mwanga wote uko kwenye vidoto vinavyolala juu ya wekundu wa klorofili, ambayo hung'aa nyekundu chini ya leza na kuonyesha kloroplasti zilipo. Nimeangalia mara tatu, mimea tofauti. Jani lisilo na GFP halina mwanga huo wa kijani. X ni ya kloroplasti, na picha niliyotaka kuiandika niliisababisha mimi kwa kuziba anwani yake. Nililia kidogo, sitaficha. Msimamizi bado anaona ile ya mwanzo iingie kwenye tasnifu.

MzeeWaHadubini
Mwanangu, pole, na hongera. Umepata kitu cha kweli. Usiitupe VPg bado: X hutengenezwa kwenye saitoplazimu kabla ya kuingizwa, zinaweza kukutana hapo. Weka kipande cha YFP nyuma ya X, urudie na X iliyobadilishwa na pia na nCBP, zote siku moja, bakteria kwa kipimo kimoja, tena kidogo kuliko mwanzo. Angalia saa 48, usingoje siku ya tatu.

Ukifika kwenye konfokali panga nguvu ya leza kwa sampuli ya nCBP, kisha usiguse mpangilio mpaka umalize kontroli zote. Kwa msimamizi, nenda na picha zote mbili za X, mbele na nyuma, kwenye ukurasa mmoja.

BintiMuheza
Nimepata saa tatu za konfokali Alhamisi. Nitaleta picha hapa hapa.